Taa ya mbele ya baiskeli: angalia betri kabla ya mwanga

Dainamo ya Phoenix yangu ilipokufa, fundi alinishauri niachane nayo nikanunue taa ya betri. Tangu hapo taa nne zimepita kwenye usukani ule ule. Narudi nyumbani baada ya magharibi karibu kila siku, njia ya vumbi katikati ya mashamba ya mpunga nje ya Ifakara, na taa tatu za mwanzo zote ziliponzwa na betri. Ndiyo maana nazipanga kwa betri zake.

Ya kwanza kwangu ni taa ya kuchaji ambayo betri yake inatoka. Fungua kifuniko: ukikuta betri nene ya duara iliyoandikwa 18650, hiyo ndiyo. Namba hiyo ni vipimo vyake, upana milimita 18 na urefu milimita 65, na imo pia ndani ya pawabenki nyingi. Ikichoka unabadilisha betri peke yake, taa inabaki. Ya akiba ibebe kwenye kikasha chake, isigusane na funguo wala sarafu, maana ikipiga shoti inaweza kuwaka moto. Na soma kilichoandikwa ubavuni. Ya kweli kwa kawaida inaishia kwenye mAh 3,600 hivi (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri). Ukiona 9,900, irudishe mezani, umedanganywa.

Ya pili ni taa ya betri za AA, zile za saa ya ukutani. Wengi wanaidharau kwa mwanga wake mdogo, lakini kwa anayekaa kusiko na umeme ningeiweka ya kwanza, kwa sababu betri zake zipo kila duka la kijijini. Zitoe ukiwa hutumii taa muda mrefu. Zikivuja, ule unga mweupe unakula springi.

Ya tatu, ya kuchaji iliyofungwa moja kwa moja. Inafaa mjini. Betri ikifa, umetupa taa nzima.

Ya mwisho ni tochi ya kuvuta kichwa ili kubana mwanga, iliyofungwa usukanini kwa mpira. Ni bei rahisi na inamulika mbali, ila inamulika kila upande. Jioni moja nilikutana na mama mwenye mtoto mgongoni. Alifunika macho kwa kiganja, akakanyaga pembeni, mguu ukazama mtaroni. Nilishuka kumsaidia, na tochi ile sikuiwasha tena barabarani. Dukani omba taa iwashwe, uielekeze ukutani kutoka hatua tano. Nzuri mwanga wake umekatika juu kama uliopigwa rula, wote umelala chini. Ujerumani sheria inataka taa za baiskeli zisiwachome macho wanaokuja mbele, na natamani wauzaji wetu waziagize za namna hiyo.

Lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga, na 200 hadi 300 zinatosha njia ya giza. Ukiambiwa lumeni 1,000 kwa saa tano, piga hesabu. Tuseme betri yake ni ya mAh 1,200 kwa volti 3.7: ina wati-saa 4.4 tu, yaani inatoa wati 4.4 kwa saa moja. Taa za LED kwa kawaida hutoa kama lumeni 100 kwa wati moja, kwa hiyo lumeni 1,000 zinakula wati 10 na betri hiyo haifiki nusu saa.

Kwa mvua zetu tafuta maandishi IPX4, yaani taa inahimili maji yanayorushwa kutoka kila upande, au zaidi. Wenye baiskeli za breki za vyuma, nenda na baiskeli dukani: kibanio kikikaa vibaya kinagusa chuma cha breki, na vingi vimetengenezwa kwa usukani mnene. Kikicheza, zungushia kipande cha tyubu kuukuu kabla ya kukaza. Halafu itikise taa karibu na sikio. Ukisikia kitu kinagonga ndani, omba nyingine.