Nyanya au zambarau: rangi ipi ina kazi zaidi?

Pale soko la Kibuye, Kisumu, msimu wa zambarau ukifika, wauzaji huzinadi kwa maneno mengi: damu, sukari, na siku hizi hata saratani. Nyanya za jirani hazisifiwi na mtu. Tuziweke bega kwa bega.

Wekundu wa nyanya ni likopeni, na hiyo huyeyuka kwenye mafuta. Nyanya ikikaangwa na kitunguu mpaka mafuta yapande juu mekundu, likopeni imeshatoka kwenye nyama ya tunda, na mwili huifyonza vizuri kuliko ya kachumbari. Hufika kwenye damu, hata kwenye tezi dume. Ndiyo maana watafiti waliifuatilia sana kwenye saratani ya tezi hiyo, ingawa matokeo kwa watu hayajakubaliana.

Rangi ya zambarau, ile inayobaki ulimini, ni antosianini. Maabarani imezuia seli za saratani ya utumbo mpana zisigawanyike, nyingine zikafa. Lakini dozi ya maabara huwa kubwa kuliko inayopatikana kwenye damu ya mlaji. Nyingi haifyonzwi; hushuka hadi utumbo mpana, na huko ndiko naona ina nafasi.

Mimi ningechagua nyanya, kwa kuwa ipo mwaka mzima na sukumawiki inaihitaji. Vidonge vya rangi, hapana: Finland, mwaka 1994, wavuta sigara waliopewa vidonge vya betakarotini, rangi ya karoti, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao. Na aliye kwenye matibabu asiache dawa kwa ajili ya tunda.