Darasa la jioni la Kikorea, Mtwara mjini: vipindi vinne vya neno moja, 좋다

Darasa hili halina bango. Liko Mtwara mjini, chumba cha nyuma cha steshenari moja, Jumanne na Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu jioni, kwa hiyo magharibi haimkuti mtu darasani. Ada ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Ndani ya ada hiyo mnapewa kijitabu cha kurasa 14 cha fotokopi na sauti zinazotumwa kwa WhatsApp baada ya kila kipindi. Hapa tunapima sehemu moja tu ya kozi, ile ambayo wanafunzi wengi huifikia wakiwa na uhakika na kuimaliza wakiwa wamechanganyikiwa: vipindi vinne vya kivumishi 좋다 (jo-t'a), neno ambalo Wakorea husifia nalo karibu kila kitu kilicho kizuri, chema, kinachofaa au kinachopendeza.

Vipindi vinne kwa neno moja si vingi hata kidogo. Mpenzi wa tamthilia za Kikorea amelisikia kwa umbo lake la mazungumzo, 좋아요, mara zisizohesabika, na kwenye YouTube au Facebook ya Kikorea ndilo neno lililokaa kwenye kitufe cha dole gumba. Kulisikia ni rahisi. Kulitumia mbele ya mtu bila kuteleza ni kazi nyingine.

Kipindi cha kwanza ni cha matamshi, na ndicho bora kuliko vyote. Silabi 좋 ina herufi tatu: ㅈ, ㅗ na ㅎ iliyokaa chini. Hiyo ㅎ ya chini haisikiki kama h popote katika neno hili, lakini inamgusa kila jirani anayeifuata. Ikifuatwa na irabu inapotea: 좋아요 inasomwa jo-a-yo, na 좋은 inasomwa jo-un, kwa u ya midomo iliyolala, isiyoviringwa. Ikikutana na ㄷ, zinaungana kuwa t yenye pumzi, ndiyo maana 좋다 husomwa jo-t'a. Kwa ㄱ ni vivyo hivyo, 좋고 ni jo-k'o, na kwa ㅈ, 좋지 ni jo-ch'i. Mbele ya ㅅ inaikaza: 좋습니다, jo-ssumnida. Mbele ya ㄴ inageuka kuwa n: 좋네요, jon-neyo.

Mwalimu hasomi kanuni hizi na kupita. Anaandika maandishi kushoto mwa ubao na sauti kulia, kisha kila mwanafunzi anaweka kiganja mbele ya mdomo. Kwenye 좋다 pumzi lazima igonge kiganja, isipogonga, unarudia. Akawakumbusha jambo ambalo wazee wa pwani wanalo ulimini tayari: kwa matamshi ya asili, paa la nyumba na paa wa porini hutofautishwa kwa pumzi hiyohiyo kwenye p. Waliolelewa na bibi mwenye Kiswahili cha pwani walishika hapohapo. Huo ndio ufundishaji tunaoutaka, unaoanzia kwa kitu ambacho mwanafunzi amekuja nacho.

Penye ugumu wa kweli ni irabu. Kiswahili kina o moja, Kikorea kina mbili kwa sikio letu: ㅗ, ya midomo iliyoviringwa na kusogezwa mbele, na ㅓ, ya midomo iliyolegea na kidevu kilichoshuka. Sentensi fupi ya 저는 좋아요 inazo zote mbili, ㅓ kwenye 저, yaani mimi, na ㅗ kwenye 좋. Mswahili akiisoma kwa o moja, Mkorea anasikia mtu anayekokota neno. Sauti za WhatsApp zinasaidia sana hapa, kwa kuwa kila jozi imesemwa mara tatu, polepole, kawaida na haraka. Tatizo ni kwamba baadhi zimerekodiwa feni ikiwa inazunguka karibu, na pumzi ya t' inamezwa na upepo wa feni. Sikiliza kwa spika za masikioni.

Kwenye simu mkanganyiko huohuo unaendelea. Kibodi ya Kikorea ya kawaida imeweka ㅗ mahali pa h na ㅓ mahali pa j, bega kwa bega. Neno 좋아요 ni miguso saba: w, h, g, kisha d, k, kisha d, y. Kidole kikiteleza kidogo inatoka 젛아요, ambayo si neno. Mwalimu anawapigisha miguso hiyo mpaka kidole kizoee, na dakika hizo kumi hazipotei bure.

Kijitabu sasa. Kimetolewa nakala ya nakala, na herufi ni ndogo mno. Itazame 좋 kwa karibu kwenye ukurasa wa tatu: ㅎ ni duara lenye vistari viwili juu yake, na kwenye fotokopi iliyofifia vistari hivyo vinafutika, linabaki duara tupu. Hapo 좋 inakuwa 종, yaani kengele. Tuliona madaftari matatu yenye 종아요 iliyonakiliwa kwa mwandiko safi kabisa. Mwanafunzi hana kosa, ameandika alichokiona. Dawa yake ni kuomba faili la simu na kuchapisha upya kwa herufi za ukubwa wa 16 au zaidi. Lipo, ila halitolewi mpaka uombe.

Kosa la pili la kijitabu ni zito zaidi, maana ni la sarufi. Ukurasa wa sita unaiweka 좋다 kwenye jedwali moja na 빨갛다, ya wekundu, na 그렇다, ya kusema iko hivyo. Hizo mbili kweli hudondosha ㅎ na kubadilika umbo: 빨개요 na 빨간, 그래요 na 그런. Lakini 좋다 ndicho kivumishi pekee chenye mzizi unaoishia na ㅎ ambacho hakibadiliki hivyo. Kinabaki 좋아요, kinabaki 좋은, na ㅎ inaandikwa hata pale isiposikika. Aliyelifuata jedwali ameandika 존 사람 akikusudia mtu mzuri. Chukua kalamu, ukate mstari huo kabla ya kipindi cha pili.

Kipindi cha pili kinashughulikia neno letu "ni". Mtu anataka kusema hali ya hewa ni nzuri, anatafuta ni ya Kikorea, anaipata 이에요, anaibandika: 날씨가 좋은이에요. Darasa zima lilipita njia hiyo. Mwalimu akamjibu mmoja wao kwa upole, "Toa hiyo ni yako, mdogo wangu. Nzuri yao imeshaimeza." Ni hivyo hasa. Kivumishi cha Kikorea kinafanya kazi ya kitenzi chenyewe: 날씨가 좋아요, basi. Na wala si ajabu kwetu, maana mvuvi akishuka Feri asubuhi husema "upepo mzuri leo" bila ni yoyote. Tofauti iko kwenye kinachobadilika. Kivumishi chetu kinafuata ngeli, mtu mzuri, kitu kizuri, maji mazuri. Cha kwao hakijui ngeli, kinajua wakati na adabu: 좋았어요 ilikuwa nzuri, 좋을 거예요 itakuwa nzuri. Kinapotangulia nomino kinakuwa 좋은, na lazima kitangulie: 좋은 사람, mtu mwema, 좋은 생각, wazo zuri.

Kipindi cha tatu ndicho kilichotuudhi, na ndicho chenye utajiri mkubwa kuliko vyote. Kinahusu tofauti ya 좋다 na 좋아하다. Kijitabu kinaieleza kwa Kiingereza, kurasa mbili nzima, na wanafunzi wakatoka wakiamini kwamba ni neno moja lenye urefu tofauti. Jibu lilikuwa ndimini mwao muda wote. 좋다 inakwenda kama kupendeza, 좋아하다 inakwenda kama kupenda. Bahari ya Mikindani yanipendeza: kiima ni bahari, kwa hiyo 미킨다니 바다가 좋아요, na bahari inachukua alama ya kiima, 가 baada ya irabu au 이 baada ya konsonanti. Naipenda bahari ya Mikindani: mtendaji ni mimi, bahari ni shamirisho, kwa hiyo 저는 미킨다니 바다를 좋아해요, na bahari inachukua 를 au 을. Ukikumbuka pendeza na penda, hutachanganya alama hizo. Sentensi moja hii ingeokoa saa nzima ya darasa, na tumemwomba mwalimu aiandike ukurasa wa mbele.

Kuna jambo moja ambalo pendeza haiwezi kukusaidia. Ukisema habari za mtu wa tatu, Mkorea hatumii 좋다 kueleza anachokipenda. Mdogo wako anapenda kahawa ni 동생이 커피를 좋아해요. Sababu yake ni nzuri: la moyoni mwa mwenzio hulioni, unaona anavyolionyesha, na -아하다 ndiyo hiyo kuonyesha. Kwa nafsi yako, 저는 커피가 좋아요 inakubalika kabisa. Na kabla ya nomino maana zinaachana waziwazi: 좋은 노래 ni wimbo mzuri, 좋아하는 노래 ni wimbo ninaoupenda, hata kama wengine wanauona mbaya.

Kipindi cha nne kinapunguza mzigo wa neno "zuri". Neno letu linabeba mengi mno: sura nzuri, chakula kizuri, mtoto mzuri, habari nzuri. Kikorea kinagawa. Ukitafuna korosho ya kukaanga ukasema 좋아요, umesema inakufaa au imekupendeza. Utamu wake ni 맛있어요. Lakini korosho ya daraja la kwanza mnadani, kabla hujaitia mdomoni, unaisifia ubora: 품질이 좋아요. Sura ni 예쁘다, mtoto mwenye tabia njema ni 착하다. Vizuri, ile ya kufanya jambo, ni 잘: anaongea Kikorea vizuri ni 한국어를 잘해요, si 좋게, umbo la 좋다 la kuelezea kitenzi. Mtu akikuuliza 잘 지냈어요?, yaani umekuwa salama?, usijibu 좋아요 kwa kuwa sisi hujibu nzuri; jibu 네, 잘 지냈어요. Ukijisikia vibaya sema 몸이 안 좋아요, na usidhani kinyume chake ni uzima, maana 몸이 좋아요 ni kumsifu mtu kwamba mwili wake umejengeka. Na kwenye meza ya chakula, ukiongezewa nawe umeshiba, 좋아요 itakuletea sahani nyingine, kwa sababu wanaisikia kama ndiyo, lete. Sema 괜찮아요, yaani hapana, inatosha.

Sehemu iliyowafurahisha wote ni viungo vya mwili na tabia. 제 동생은 머리가 좋아요: mdogo wangu, kichwa chake kizuri, yaani ana akili. Mpangilio ni uleule wa kwetu, mtu kwanza, kisha kitu chake. 눈이 좋아요 anaona vizuri, 운이 좋아요 ana bahati, 사이가 좋아요 wanapatana, 기분이 좋아요 amefurahi. Kadi hizi zimetengenezwa vizuri, kila moja ina sentensi nzima badala ya neno tupu, na ndizo tungezinunua hata bila darasa.

Adabu imefundishwa kwa haraka kuliko inavyostahili. 좋아 ni ya rafiki na mdogo wako. 좋아요 inafaa karibu kila mahali. 좋습니다 ni ya kikao na ofisi. Mzee anaongezewa heshima ndani ya neno: 할머니, 기분이 좋으세요? Kumwambia mzee 좋아 ni kama kumpita barazani bila shikamoo, na hilo kijana wa Lindi au Mtwara hahitaji kuelezwa mara mbili. Hata hivyo mazoezi yake ni sentensi nne tu. Yaongezwe.

Wanaojiandaa kwa TOPIK I, mtihani wa Kikorea kwa wageni, daraja la wanaoanza, wajue kwamba una maswali 70 kwa dakika 100, 30 ya kusikiliza na 40 ya kusoma, alama 200 kwa jumla. Ngazi ya kwanza inaanzia alama 80, ya pili 140. Vipindi hivi vinne vinatosha kwa upande wa 좋다 na 좋아하다 kwenye mtihani huo, ukishalifuta jedwali la ukurasa wa sita. Kwa kusikiliza, mpango wetu ni huu: sauti mbili kila asubuhi kabla ya kuona maandishi, andika ulichosikia, kisha linganisha. Ukiona umeandika 조아요, sikio lako liko sawa, mkono ndio bado.

Kilichokosekana kabisa ni 좋겠다, na ni hasara, maana kinasikika kila siku. Rafiki akikuambia amepata safari, unamwambia 좋겠다! Hiyo ndiyo heri yako ya kwetu, yenye tamaa kidogo na isiyo na chuki. Ukiweka -(으)면 mbele yake inakuwa matumaini: 비가 오면 좋겠어요, laiti mvua ingenyesha. Muulize mwalimu mwishoni mwa kipindi cha nne. Analijua vizuri na anaeleza kwa furaha, ila limesahauliwa kwenye kijitabu. Kundi jipya linaanza kila wiki ya kwanza ya mwezi, viti ni 12, na daftari lenye mistari mipana ni bora kuliko la kawaida, kwa sababu 좋 ikibanwa kwenye mstari mwembamba hupoteza vistari vyake hata kwa kalamu yako mwenyewe.