Uzoefu wangu: sentensi za SAT na masomo ya Khan Academy

Nimekuwa nikisomea SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vikuu vya Marekani, tangu Januari na hii sehemu ya kurekebisha sentensi imenitesa kuliko hata hesabu. Mwanzo nililipa tuisheni fulani hapa tao, elfu nane, na mwalimu alikuwa anatuambia tusome polepole halafu tuchague ile inasikika vizuri. Sasa mimi nimekua nikiongea Kiswahili nyumbani, sikio langu linakubali vitu ambavyo Kiingereza hakikubali, nilikuwa nakosa na sijui nakosea wapi. Iliniuma sana, pesa ilikuwa ya mama.

Binamu akaniambia nijaribu Khan Academy, tovuti ya masomo, ni ya bure, gharama ni bando tu. Somo lililonifungua macho ni la modifaya, yaani maneno yanayoeleza mtu au kitu kingine kwenye sentensi. Angalia hii: "Walking along Moi Avenue, the rain soaked me." Nilikuwa naona iko sawa kabisa! Manake ukisema "nikitembea Moi Avenue mvua ikaninyeshea" ile ni- ya mwanzo imeshataja anayetembea. Lakini "walking" haina mtu ndani yake, kwa hivyo Kiingereza kinampa hiyo kazi yule anayekuja baada ya koma, na hapo mvua ndiyo inatembea. Lazima koma ifuatwe na mimi: "I got soaked."

Kuna mahali Kiswahili chenyewe ndicho kinakuokoa. "The basket of mangoes were" ni kosa, na sisi tunalijua tangu utotoni: kikapu cha maembe kimeanguka, nani atasema kikapu yameanguka? Siku hizi nikiona "of" hapo katikati najiuliza tu, hapa ningeweka ki- ama ya-?

Mitihani ya majaribio nafanya kwa Bluebook, app ya kufanyia SAT, haiingii kwa simu, inataka laptop ama iPad, nikaazima ya binamu. Moduli moja, yaani kipande kimoja cha mtihani upande wa Kiingereza, ni maswali 27 kwa dakika 32, na ya sarufi yanakuja baada ya yale ya kusoma na kuelewa, so mimi naruka naanza na sarufi kwanza kichwa kikiwa bado freshi, halafu narudi juu. Alama zangu za upande huo zimetoka 510 hadi 620 bila kulipa mtu. Bado nukta mkato inanisumbua, niko nayo wiki hii yote, na mtihani wangu ni Oktoba.