Miaka minne na zulia langu la gabbeh la Firuzabad, Iran: uzoefu wangu

Naishi Maskati, na mapenzi yangu ya mazulia ya Iran yalianzia msikitini. Zulia la ukumbi mkuu wa Msikiti wa Sultan Qaboos ni kipande kimoja cha mita za mraba 4,343 chenye mafundo bilioni 1.7, na wafumaji wa Khorasan, Iran, walilifanyia kazi miaka minne. Lile lilifumwa kwa kufuata mchoro, kila fundo limekwisha kupangiwa rangi yake. Niliposikia kwamba mkoa wa Fars kuna wanawake wanaofuma bila kuchorewa chochote, wakitegemea kumbukumbu tu, nikaanza kuweka akiba ya safari.

Shiraz, mji mkuu wa Fars, duka la kwanza niliingia na kutoka. Muuzaji aliapa kwamba rangi zote ni za mimea. Nikalowesha leso nyeupe, nikaikandamiza kwenye sehemu nyekundu. Ilipotoka ilikuwa na doa. Rangi iliyokolea vyema haitoki hivyo. Nikashika matamvua, nikakuta yameshonewa tu mwishoni. Zulia la mkono matamvua yake ni ncha za nyuzi za mtande zenyewe, zile za urefu, huwezi kuyatenganisha na zulia. Usione haya kukagua hivi, hata ukishanyweshwa chai.

Kesho yake dereva alinipeleka kijiji kimoja upande wa mji wa Firuzabad, kwa Waqashqai waliokuwa wakihamahama na kondoo wao kati ya malisho ya kiangazi na ya baridi, na sasa wametulia. Mama mwenye nyumba alizungumza Kituruki chao, binti yake akatia Kiajemi, dereva akanifikishia kwa Kiarabu. Nilimwita "khanom", yaani bibi kwa Kiajemi, kama nilivyofunzwa.

Kitanda chake cha kufumia kilikuwa kimelazwa chini, kimefungwa kwa vigingi. Wahamaji walihitaji kitanda kinachong'oleka na kupakiwa siku ya kuhama. Mtande ulikuwa wa sufu, na mshindio, yaani nyuzi za upana, pia wa sufu, tofauti na mazulia mengi ya mjini ambayo mtande wake ni wa pamba. Wanaume hukata manyoya ya kondoo, lakini kusokota, kuchagua rangi na kufuma ni kazi ya wanawake. Wekundu hutoka kwenye mizizi ya mmea waitwao ronas, buluu ni nili, na maganda ya jozi na ya komamanga hutumika pia. UNESCO iliuingiza ujuzi huu wa Fars katika orodha yake ya urithi mwaka 2010, na nilipomwona khanom akifunga fundo, akikata uzi kwa kisu na kushika mwingine bila kuutazama mkono wake, nilielewa kwa nini.

Nilichagua gabbeh, zulia nene la manyoya marefu, mita 1.2 kwa 1.8. Uwanja wake ni mwekundu, na pembeni wamesimama mbuzi wawili na mti mmoja. Katikati unapita mstari wa buluu ambao nusu yake imekoza na nusu imepauka. Nikadhani ni kasoro. Khanom akasema sufu ya buluu ilimwishia, akatia rangi nyingine katika chungu kingine, na rangi ya chungu cha pili haifanani na ya cha kwanza. Wao huiita abrash. Leo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, maana inanionyesha siku aliyosimama na siku aliyoendelea.

Nililipa riali 140 za Omani, nikampa khanom mwenyewe mkononi. Nyumbani nilihesabu mafundo kwenye mraba wa sentimita 10 kwa 10: 28 kwa 30. Kwa zulia zima ni zaidi ya 180,000. Sijapata tena ujasiri wa kusema ni ghali.

Matatizo yapo. Wiki tatu za mwanzo sebule ilinuka kondoo, hasa kiyoyozi kikizimwa. Upande mmoja ni mpana kuliko wa pili kwa vidole viwili, kwa hiyo halikai sawa na ukuta. Lilimwaga manyoya miezi kadhaa. Na mwaka wa pili nondo waliingia kwenye pembe iliyokuwa chini ya kochi, kwa kosa langu la kutolisogeza. Sasa naligeuza kila baada ya miezi mitatu, nalipiga vumbi kwa mgongoni, na silipeleki kwenye mashine ya kufulia kamwe. Chai ikimwagika, nakausha haraka kwa kitambaa, kisha maji baridi kidogo.

Jambo jingine kwa wenzangu wanaotaka la kuswalia: gabbeh nyingi zina wanyama na watu, basi omba lenye maumbo matupu. Langu tunakalia na kunywea kahawa tu. Watoto wanne wamekulia juu yake, na wekundu wake haujapauka.

Tulipoagana khanom alinitia mkononi vidonge vya uzi, kimoja kwa kila rangi, akaniambia nivihifadhi. Ukinunua kwa mfumaji, viombe. Pembe iliyoliwa na nondo nilimpelekea fundi wa Matrah, hapa Maskati, akaifunga upya kwa uzi ule ule mwekundu, na mgeni haoni palipotobolewa. Cha buluu bado ni kizima.