Vipuri vya bunduki ya kuwindia: cha kununua kwanza, na cha kuacha dukani

Bunduki ikianza kukosa shabaha, mwenyewe hukimbilia kuuliza bei ya mtutu. Mara nyingi mtutu hauna kosa. Bunduki za bolti (kile chuma cha kuvuta na kusukuma kinachofunga nyuma ya mtutu) za mtindo wa Mauser 98, kama zile za kaliba ya .30-06 na .375 H&H zinazotumika kwenye vitalu vya uwindaji Tanzania, huchoka kwanza kwenye vitu vidogo vya bei nafuu. Ukiwahi kuvibadilisha, chuma kilichobaki kitamfikia mjukuu. Mpangilio huu unaanza na kipuri kinachorudisha uhai mwingi kwa pesa kidogo.

1. Springi ya pini ya kufyatulia

Hii ndiyo ya kununua kabla ya yote. Ikilegea, pini inaigonga fataki (kile kidonge cha kulipulia kwenye kitako cha ganda) kwa unyonge: risasi inakataa kulipuka, au inachelewa. Angalia maganda uliyokwisha kupiga. Alama ya pini iwe na kina, ya duara, na katikati ya fataki. Ukiona imebonyea kidogo tu, kama iliyoguswa na ncha ya kalamu, shuku springi.

Lakini usitoe pesa kabla ya kusafisha. Grisi ya zamani iliyoganda ndani ya bolti huleta ugonjwa uleule. Hakikisha bunduki haina risasi, weka kitasa cha usalama wima katikati, chomoa bolti, kisha fungua kifuniko cha nyuma kwa kukizungusha. Simamisha ncha ya pini kwenye kibao kigumu chenye tundu, kandamiza kifuniko chini, na ugeuze kipande cha nyuma robo mzunguko kitoke. Springi imebanwa, kwa hiyo vaa miwani na usiiachie ghafla. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, paka mafuta mepesi, tone moja linatosha. Ukiiweka springi ya zamani sambamba na mpya na ya zamani ikawa fupi waziwazi, ibadilishe. Usichague springi nzito kupita kiasi. Inafanya bolti iwe ngumu kuinua bila faida.

2. Kikucha cha kuvutia ganda

Kile kipande kirefu cha pembeni mwa bolti kinachong'ata ukingo wa risasi. Huvunjika kwa kosa moja: kutumbukiza risasi moja kwa moja kwenye chemba (nyumba ya risasi nyuma ya mtutu) na kuifungia bolti. Mauser 98 imeundwa risasi ipande kutoka magazini na kuingia chini ya kikucha. Kukilazimisha kuruka ukingo wa risasi kila siku ni kukivunja, isipokuwa mtengenezaji amekinoa kwa kazi hiyo.

Kwa kupima, chomeka ganda tupu chini ya kikucha na utikise bolti taratibu. Ganda likianguka, kikucha kimelegea. Nunua cha chuma cha springi, cha mtengenezaji wa bunduki yako ikiwezekana. Vile vya kumiminwa kwenye kalibu ni rahisi, ila huweza kupoteza nguvu mapema, na ganda lililonasa huku nyati akikujia ni jambo la uhai.

3. Kitako

Hapa bunduki za .375 hufa polepole. Teke lake ni karibu mara mbili ya .30-06, na mbao hupasuka nyuma ya mtambo (chuma kinachobeba bolti) au pale kizuizi cha teke, kile kipande cha chuma kilicho chini ya mtambo, kinapoegemea. Ufa mwembamba kama unywele haumaanishi kitako kipya. Fundi akimwaga epoksi ya chuma nyuma ya kizuizi, na kuacha nafasi ya unene wa karatasi kati ya mkia wa mtambo na mbao, kitako kinarudi kazini. Kabla ya hapo kaza skrubu mbili za chini, ya mbele kwanza. Skrubu iliyolegea inatawanya risasi kiasi cha kukufanya ulaumu mtutu.

4. Pini yenyewe

Badilisha ikiwa ncha imechongoka, imeliwa au imekatika. Ikiwa imefyatuka hadi mwisho, ncha itokeze usoni mwa bolti kati ya milimita 1.4 na 1.65. Ikizidi hutoboa fataki, na gesi ya moto humrudia mpigaji.

5. Mtutu

Wa mwisho, na kwa sababu maalumu. Moto wa baruti hula koo la mtutu, pale risasi inapoanzia safari. Kaliba za kasi kama .243 zinaweza kuonyesha uchovu kwenye risasi 2,000 hivi; .30-06 huenda mbali zaidi. Mwindaji anayepiga risasi 40 kwa mwaka angehitaji miaka 50 kufika 2,000. Ondoa kwanza mabaki ya shaba, kisha kagua mdomo wa mtutu: ufito wa kusafishia unaoingizwa kutoka mbele huukwaruza, na kuunyoosha kwa mashine ni nafuu kuliko mtutu mpya. Ukilazimika kununua, wanaoishi kwenye hewa ya chumvi, Tanga au Bagamoyo, wachukue chuma kisichoshika kutu kirahisi.

Cha kuacha dukani

Bolti iliyotoka kwenye bunduki nyingine, hata ikiingia vizuri. Nafasi kati ya uso wa bolti na risasi hupimwa kwa kila bunduki peke yake. Ikizidi, ganda hupasuka ndani na gesi hutafuta njia ya kwenda usoni mwako. Bolti ikibadilishwa, mpe fundi mwenye leseni bunduki nzima aipime kwa vipimo vya chemba kabla ya risasi ya kwanza.