Miezi minane na programu ya kuhesabu chakula: moyo wangu, papa mkavu na ule mstari wa kijani

Niliendesha basi la Tanga–Dar miaka 22. Chakula changu kilikuwa cha njiani: Segera mishikaki, Chalinze chipsi mayai, na soda ya kusukumia. Mwaka jana pumzi ikaanza kunikatika nikipanda ngazi tatu za barazani kwangu, usiku nikawa siwezi kulala bila mito mitatu. Wakanipima ECHO, kile kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, ikaonekana moyo umetanuka. Presha ya miaka mingi ndiyo iliyouchosha. Nikatoka na mfuko wa dawa, mojawapo ile ya kukojoza, na onyo kali juu ya chumvi.

Binti yangu anayesoma chuo ndiye aliyenipakulia programu ya kuhesabu chakula kwenye simu. Jina la programu nalihifadhi. Nimetumia mbili kwa zamu, na zinafanana kama mapacha. Unaandika ulichokula, yenyewe inajumlisha kalori, mafuta, sukari na sodiamu. Ukiwa ndani ya kiwango mstari ni wa kijani, ukizidisha unageuka mwekundu. Kitu cha pakiti unakielekezea kamera tu kwenye ile mistari myeusi. Maelezo yote ni ya Kiingereza, na toleo la kulipia linataka kadi ya benki, kwa hiyo nimebaki na la bure na matangazo yake.

Zuri lake la kwanza ni mkate. Mimi chumvi nilikuwa naitafuta kwenye mchuzi, mkate niliuona kama kitu kisichokuwa na hatia. Nilipoandika slesi zangu nne za asubuhi, zaidi ya robo ya sodiamu ya siku ilikuwa imeshakwenda, na hata chai sijaimaliza. Siku hizo hizo nikajifunza kwamba sodiamu si jina lingine la chumvi, ni sehemu yake tu. Kijiko cha chai kilichosawazishwa, gramu 5 za chumvi, kina takriban miligramu 2,000 za sodiamu. Programu ilikuja na kikomo cha 2,300, ambacho ni cha Wamarekani. Daktari wangu alitaka nisivuke 2,000, na kukibadilisha ilibidi binti azunguke kwenye mipangilio karibu nusu saa.

Sasa shida. Chakula kilichomo mule, kingi kimeandikwa na watumiaji wenyewe. Ukitafuta ugali unaletewa ugali wa aina sita, kila mmoja na hesabu yake, na vipimo ni vikombe na aunsi. Hilo nilivumilia. Lililoniponza ni papa mkavu. Mtu fulani huko alimwandika, akajaza kalori na protini, kwenye sodiamu hakujaza kitu. Na programu, pasipojazwa kitu, inahesabu sifuri! Papa aliyezikwa kwenye chumvi na kuanikwa juani, sodiamu sifuri. Nikamla kwa nazi siku tatu mfululizo, mstari wa kijani kama majani ya mgomba, nami najisifu mbele ya wajukuu. Siku ya nne viatu havikuingia. Nikabonyeza mguu, kidole kikaacha shimo.

Halafu mizani. Kliniki walinifundisha kujipima kila asubuhi baada ya haja, kabla ya chai, na nikiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu nisisubiri tarehe ya kadi. Wiki ile ya papa niliongezeka kilo 2 na nusu. Programu ikaniambia nipunguze kula. Nilipoongezewa dawa ya kukojoza na kilo zikashuka upesi, ikanipigia vigelegele, picha za puto na nyota, kana kwamba nimekonda. Yale yalikuwa maji yaliyozuiliwa mwilini na chumvi! Waliotengeneza kitu hiki walimfikiria mtu anayetaka suruali imkae vizuri. Mtu ambaye moyo wake unashindwa kusukuma damu hawakumfikiria.

Na kuna ushauri wake wa potasiamu. Kila siku mbili: ongeza ndizi, ongeza maji ya madafu, potasiamu hushusha presha. Kwa mtu mwenye figo nzima asiyetumia dawa, sawa. Mimi katika dawa zangu imo spironolaktoni, ambayo huizuia potasiamu isitoke mwilini, na potasiamu ikizidi kwenye damu inaweza kuuvuruga mpigo wa moyo wenyewe. Dada wa lishe aliponisikia nasema nakunywa madafu mawili kwa siku kwa sababu simu imesema, aliweka kalamu chini. "Mzee wangu, simu yako inajua unameza nini?" Haikuwahi kuniuliza.

Tena kuna mambo ambayo hata ingekuwa na akili kiasi gani isingeyaweza. Mchana kwetu wali huja kwenye sinia. Mimi, vijana wawili na wajukuu, kila mkono unachota, mtoto akishindwa kumaliza mnofu anausukuma upande wa babu. Niandike gramu ngapi? Mke wangu alinitazama wiki nzima nikipima matonge kwa macho, mwisho akasema, "Baba watoto, wewe unahesabu sinia wakati chumvi ninayo mimi jikoni."

Hapo ndipo mambo yalipobadilika, na simu haikuhusika. Tulichukua pakiti mpya ya chumvi ya nusu kilo, tukaiandika tarehe kwa kalamu. Nyumba ya watu sita, ikaisha siku ya 12. Gawanya mwenyewe: karibu gramu 7 kwa kila mtu kwa siku, kabla ya mkate, kabla ya papa, kabla ya embe mbichi za barabarani na chumvi na pilipili yake. Vile vipande vya kiungo vya kufungwa kwenye karatasi tuliviacha kabisa, kwa sababu kwenye pakiti yake chumvi ndiyo iliyotajwa ya kwanza. Nafasi yake imeshikwa na ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na ukwaju. Wiki mbili za mwanzo kila mtu alinuna, na kijana wangu mkubwa alikuwa na chupa yake ya chumvi chumbani kama mtu anayeficha sigara.

Programu sijaifuta. Naitumia kuandika uzito wa asubuhi, maana mchoro wake ni mzuri na daktari akiutazama mara moja anaelewa mwezi wangu ulivyokwenda. Inanikumbusha dawa saa 2 usiku bila kukosa. Vitu vya pakiti naviamini, vya chunguni hapana, labda niviandike mwenyewe kwa vipimo vya mke wangu. Ukitafuta chakula ndani yake, kwanza fungua uone kama sodiamu imejazwa. Naipa nyota tatu, na moja kati ya hizo ni kwa ajili ya mkate.

Pakiti iliyopo jikoni leo imeandikwa tarehe 3. Leo ni tarehe 26, bado ipo kama robo. Mke wangu anasema nisijisifu, panya nao siku hizi wamehama.