TAHADHARI: "Ektachrome" ya Kampala ambayo ndani ni negativi ya sinema

Jamani, msinicheke. Yule bwana wa filamu wa ghorofa ya pili kaniuzia roli tano za "Ektachrome E100", filamu ya slaidi ya Kodak (picha hutoka na rangi zake halisi, si kinyume kama negativi), shilingi 80,000 kila moja, na ndani hakuna slaidi hata moja.

Nilimwamini kwa sababu kazi anaijua. Aliieleza E-6, njia ya kuosha slaidi, bila kutazama popote: dawa ya kwanza nyuzi 38, dakika 6, na joto likizidi hata nusu nyuzi slaidi inapauka, kisha kugeuza, dawa ya rangi, blichi, fiksa. Mtu wa hivyo utamshuku vipi? Akafungua friji, akatoa mikebe ina umande, akaifuta kwa shati lake. "Ssebo (bwana), hizi haziwekwi juani." Nikamtumia pesa kwa simu palepale, nikiogopa mwingine asiniwahi. Mjinga mimi!

Roli hizo nilizipigia kazi Jinja, na kazi ile hairudiwi. Roli ya kwanza kuiosha, dawa ikatoka kama maji ya mkaa, vidole vikajaa masizi. Hiyo ni remjeti, utando wa kaboni uliokuwa mgongoni mwa negativi ya sinema ya Kodak hadi walipoanza kuuondoa mwaka 2025. Ektachrome haina kitu hicho. Lita nzima ya dawa nikaimwaga. Picha zenyewe zimefifia, zimezama kwenye rangi ya chungwa, maana ule urangi wa negativi E-6 haiutoi. Na ukingoni imechapwa 5219, yaani Vision3 500T ya Kodak, negativi ya sinema ya kupigia chini ya taa za tungsten (balbu za mwanga wa njano).

Nilipompigia akasema nimeosha vibaya. Kuosha vibaya kunabadilisha namba iliyochapwa kiwandani? Mwizi huyu afungwe, friji lake likamatwe!

Mkebe wa kiwandani hauzibuki bila kuharibika. Wake una kifuniko cha kuzungusha na stika juu. Matundu ya pembeni ya slaidi ni mstatili wenye kona za mviringo, ya negativi ya sinema yamevimba ubavuni kama pipa. Au chovya kidole kwenye maji ya magadi, usugue mgongo wa ulimi wa filamu, ile ncha inayotokeza nje ya mkebe: kikitoka cheusi, ondoka.

Zile Kodachrome za mezani kwake, slaidi za zamani za Kodak, nazo ziacheni. Rangi zake zilioshwa kwa K-14, njia yake ya pekee, na maabara ya mwisho, huko Kansas, iliacha kuzipokea Desemba 2010.

Mliouziwa msitupe mikebe. Jumatatu naipeleka yangu polisi, nataka iwe mingi.